Tanzia Uliyosema Umeihifadhi Tu

Kaka Nassor,

Kwa masikitiko yanayostahili, nawatangazia ndugu, jamaa na majirani, walio London na walio mbali, kuzimwa kwa ukurasa wetu wa mtandao, ule wa kijivu wenye mstari wa kijani juu na chini. Ukurasa uliugua muda mrefu. Picha ziliacha kufunguka, viungo vikawa havielekei popote, na kile kihesabu wageni kilikwama, mtu akiingia asitambulike, kama mgeni wa arusi asiye na kadi. Ulikata roho Jumatatu, fundi wa chuo alipochomoa waya wa ile kompyuta yako ya mfumo wa Unix na kuipakia kwenye toroli. Maziko hayapo. Wafiwa ni mimi na wewe, na wewe hupokei simu.

Utani umeishia hapo. Nina hasira, Kaka, na si ya jana wala juzi, kwa hiyo vuta kiti ukae.

Barua hii naipeleka kwa jamaa wote kwa barua pepe, kwa sababu faragha nimeshaijaribu. Nikipiga inaita mpaka inachoka. Nikituma ujumbe, kimya. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha kwamba kila faili kwenye Unix lina milango mitatu: wa mwenye nyumba, wa watu wa ukoo, na wa mpita njia. Haya, nimekufungulia wa tatu. Apitaye asome.

Unazikumbuka zile Jumamosi kule chini ya chuo? Wewe fundi wa mashine, mimi karani wa halmashauri niliyekuja kumtembelea kaka yangu na kopo la aiskrimu lililojaa sambusa. Chumba hakikuwa na dirisha hata moja. Ukutani palibandikwa tangazo la kukataza chakula, na wewe ulikula umeligeuzia mgongo, ukasema hujaliona. Kile kipanya kilikuwa na vibonye vitatu. Nikauliza cha kati cha nini. Ukaburuta juu ya sentensi ikageuka nyeusi, ukasogea dirisha la pili, ukabonyeza cha kati, na sentensi ikamwagika pale kama ilivyo.

"Hizi si za mchezo," ulisema. "Za ofisini kwenu ni za kupigia chapa. Hizi ni mashine za watu wazima."

Kivinjari cha kwanza ulichonionyesha kilikuwa na tufe la dunia kwenye kona, likizunguka kila ukurasa ulipokuwa njiani. Tulikaa sisi wawili, watu wazima na akili zetu, tukiitazama dunia ikizunguka, tukingoja ramani ya Unguja iteremke mstari kwa mstari. Nungwi ilikuja. Mkokotoni ikaja. Kabla hatujafika Makunduchi mashine ikaganda. Ukafuta vidole, ukasema, "Basi, watu wa kusini watajijua wenyewe." Nilicheka mpaka yule Mzungu wa meza ya pili akavua miwani.

Mie nilijifunza kwa kuchungulia. Palikuwa na amri ya kuonyesha chanzo cha ukurasa, na mimi tangu utotoni ukinionyesha pazia nitataka kujua nyuma kuna nani. Nikakuta ni mabano tu, na kila kinachofunguliwa kina chake cha kukifunga. Wewe kufunga hukuweza. Kuna wiki uliacha herufi nzito wazi kwenye tangazo la darasa la Kiswahili, na kuanzia pale ukurasa wote, posa, madrasa, mtu anauza kitanda, ukawa unapiga kelele. Ulitafuta kosa asubuhi nzima. Mimi nililiona mapema, nikanyamaza, kwa sababu sambusa zilikuwa bado hazijaisha na ulikuwa unachekesha.

Halafu kikaja kile chombo kipya cha kuandikia kurasa. Ukakipokea kama mtu aliyeoa mke wa pili. Dirisha moja, unasoma hapo na kuandika hapohapo, mabano hayaonekani tena. Unafuta neno, unaandika lingine, unabonyeza "hifadhi", umemaliza.

"Sasa ukihifadhi linakwenda wapi?" nilikuuliza.

"Linakaa mahali pake."

Mahali pake, Kaka, palikuwa ndani ya folda ileile uliyoifungulia mlango wa tatu ili jamaa wa Toronto wasome nani kaoa nani. Kwenye folda ile hakuna varanda. Ukiweka kitu ndani, umekiweka barabarani.

Kisha Mama akaugua.

Alilazwa hapa Lewisham, karibu na kwangu, na daktari akatuita pembeni akatwambia tujiandae. Mimi nilijiandaa kwa kukaa kwenye kile kiti cha plastiki, nikimlowesha midomo kwa pamba. Wewe ulijiandaa kwa kwenda kazini kuandika tanzia.

Daktari hakuwa mjuzi wa Mama. Mama aliamka, akaomba uji, akaletewa, akaurudisha kwa sababu hauna pilipili manga. Nikajua amepona. Jumapili alikuwa ameshakaa sebuleni kwangu, shuka miguuni, simu ubavuni, na ilipolia aliipokea mwenyewe. Alikuwa wifi yake, Bi Raya wa Muscat, ambaye kwenye simu hupiga kelele kana kwamba waya haupo. Nilisikia pande zote mbili.

"Mwanangu, pole! Pole sana, mwanangu! Sote njia ni hiyo moja!" Sauti ya Mama ilikuwa bado ya ugonjwa, Bi Raya alidhani ni mimi.

"Ahsante, wifi. Mie nshapata nafuu."

"Wifi yako nani, mwanangu? Majonzi hayo. Mmemzika wapi?"

"Kumzika nani?"

"Zuhura! Mama yako!"

Mama akanitazama. Akautazama mkono wake, juu na chini. Kisha akauweka mkono wa simu mdomoni, kwa adabu zote alizofunzwa, akasema:

"Raya, hebu ngoja. Mimi sijaarifiwa."

Bi Raya alipiga ukelele mmoja na simu ikakatika.

Ya pili ilitoka Toronto. Huko walikuwa wameshasoma khitma na wameshakula. Mama akataka kujua pilau ilikuwa ya nyama au ya kuku. Alipoambiwa ya kuku, alikasirika kwelikweli. Simu zilipopoa nikaunganisha modemu, nikaingia kwenye ukurasa wetu, na kweli, Mama alikuwa amekufa pale, katikati ya mistari miwili ya kijani.

Nikakupigia chuoni. Jumapili, mama yako katoka hospitali, na wewe uko chuoni.

"Kaka, umemuua Mama."

"Kafa? Saa ngapi?"

"Waulize Toronto. Wao wameshamla."

"Subiri. Ile tanzia? Ile nilikuwa naandaa, nisije nikahangaika wakati wenyewe ukifika. Sijaitangaza mimi. Nimeihifadhi tu."

"Umeihifadhi wapi?"

Nilisikia vidole vyako kwenye kibodi, kisha ukasema, "Ya Rabi," na ukaiondoa.

Sasa nisikilize vizuri, usije ukawaambia watu kwamba dada yako ana kinyongo cha kompyuta. Kosa lile nilikusamehe kabla simu haijapoa. Chombo kile kingemponza yeyote. Ninachoshindwa kukimeza ni kilichofuata.

Mama alitaka kujua kaandikwaje. Wewe ulikuwa umeshaifuta, lakini kivinjari changu kilikuwa kimejiwekea nakala, kwa hiyo nikamsomea. Uliandika kwamba alikuwa mwenye subira. Akacheka mpaka akakohoa. "Subira? Huyu Nassor anamzungumzia mama wa nani?" Nikaendelea. Uliandika siku tuliyofika nchi hii, baridi, sisi na visuweta vya kushonewa, na Mama akavua kanga yake akakuzungushia shingoni mbele ya watu wote, ukaona haya ukataka kuivua, akakushika mkono. Ukaandika kwamba mpaka leo ukisikia baridi unaitafuta ile kanga.

Hapo hakucheka.

"Haya hajapata kuniambia," alisema. Akaivuta shuka. "Mwambie aje anisomee mwenyewe. Maneno mazuri namna hiyo hayasemwi nyuma ya mtu."

Nilikupa salamu hizo neno kwa neno. Ukasema utakuja Jumamosi. Jumamosi hiyo mashine zilikuwa zinahamishwa. Iliyofuata ulikuwa na mafua, hutaki kumwambukiza mgonjwa. Ikaja Ramadhani, ikaja Idi, ukamtumia kadi. Kadi, Kaka! Kwa mama yako mzazi, siku ya Idi, kwenye mji uleule mmoja, kadi yenye mwezi na nyota ya kumetameta. Akaiweka juu ya televisheni. Kila anayeingia anaambiwa, "Hiyo ya Nassor."

Najua kinachokufunga miguu. Bi Raya alipoacha kulia alianza kusema. Alisema umemchuria mama yako, kwamba mtu hamwandikii aliye hai habari za kaburi, na neno hilo lilizunguka Muscat, Dubai na Toronto kuliko tanzia yenyewe. Likakuingia. Wewe unayewacheka watu wa uchuro, wewe wa mashine za watu wazima, ukaamini kwamba ukikanyaga mlango wangu na Mama akafa wiki ile, watasema ulikuja kuhakikisha.

Waseme! Watu wamesema nini ambacho hakikupita?

Mwenyewe aliyechuriwa anafanya nini, unajua? Simu ikilia anapokea, "Marehemu hapa, nani mwenzangu?" Muuguzi akija kumpima damu, Mama ananiambia nimtafsirie kwamba hii ni mara yake ya pili duniani, asimchome kwa nguvu. Kila nikitaja jina lako anasema, "Mpe salamu za marehemu." Kakusamehe mchana uleule, na kicheko juu. Inavyoonekana wewe ndiye ambaye bado hujamsamehe, kwa kutokufa.

Nimechoka kukutetea. Nimechoka kusema "Nassor ana kazi nyingi" kwa mwanamke ambaye ndiye aliyenifundisha kusema uongo wa heshima, na anautambua kabla sijafumbua mdomo. Anaitikia, "Ndiyo, kazi za siku hizi nyingi," akageukia ukutani. Wewe huioni hiyo shingo inavyogeuka. Naiona mimi. Ndiyo hiyo inayonikereketa, nikiwa kwenye basi, nikiwa kazini, nikiwa nakata vitunguu.

Na sasa, Kaka, kweli anachoka. Sikwambii hivi ili ukaandike kitu. Macho yamefifia, hata kadi yako anaipapasa tu. Lakini masikio yako sawasawa, anasikia mpaka jirani akikoroga chai, na juzi ameniuliza tena: "Yale maneno ya kanga, yapo?"

Nakala yangu ilikwenda na kompyuta yangu iliyokufa. Fundi amesema diski za mashine yako zimepelekwa kusagwa. Nimewauliza Toronto, wanakumbuka kuku tu. Mimi nikijaribu kumsimulia ananikatiza: "Hakusema hivyo. Alisema vizuri zaidi." Hayapo popote tena, Kaka, ila kichwani mwako, na kichwa chako hakina mlango wa tatu wala wa pili.

Njoo umsomee. Kama umeyasahau, tunga mengine, mbele yake, akukatize, akwambie hapo unatia chumvi. Mwite mwenye subira, umwone atakavyokushukia. Usilete matunda, wala usilete kompyuta. Usinipigie kwanza kuniuliza kama ana hali ya kupokea wageni. Hupokei zangu, na mimi yako sitaipokea.

Nakuacha hapo, na hasira yangu bado mbichi, na salamu za marehemu juu yake.

Mdogo wako wa tumbo moja

Nyongeza: Kutoka kwako Queensbury mpaka kwangu Lewisham ni treni mbili.