Mkono Nilionyoosha Makaburini

Jumamosi, tumerudi kutoka Mgeta.

Na kwa nini nilinyoosha mkono? Tumemaliza kumzika shangazi, mchungaji akauliza nani ana hakika kwamba akifa leo anaingia mbinguni. Wanakwaya wenzangu wote wakanyoosha, nami nikanyoosha.

Mama mkwe, Mkatoliki tangu utotoni, aliacha mikono yake ndani ya kanga.

Tulipokuwa tunateremka mlimani alinishika bega, njia inateleza. "Mwanangu, nimesali maisha yangu yote na bado naogopa. Wewe umewezaje?"

Nikamjibu ni imani tu, harakaharaka, kama mtu anayeitikia salamu.

Mimi pia naogopa. Taa ikizimwa tu, naanza kujiuliza kama...

Mama mkwe amelala chumba cha pili. Ameniomba kesho nimfundishe hiyo imani.