Nguruwe Waliozoea Debe

Jumatatu, 4 Agosti

Uji, vidonge vinne, kikohozi. Halafu daftari. Leo naanza na ninachoficha: msimbo wa mchezo wa video wa Dungu haukuliwa na mchwa. Upo. Umo ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda hiki ninachokufia. Diski tatu, madaftari mawili. Miaka yote hii nimewaambia watu kwamba mchwa walimaliza. Uongo.

Msimbo ni yale maandishi yanayoiambia mashine la kufanya. Bila hayo, Dungu litakufa pamoja na mashine za zamani.

Somoe, mwanafunzi wangu wa zamani, alipiga simu tena kutoka Ruangwa. Yeye na wenzake wawili wamepanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, wanatengeneza michezo. Kampuni ya ng'ambo imewaazima mashine mpya. Wakionyesha Dungu linachezeka humo kabla mwezi haujaisha, litakubaliwa. Wakishindwa, mashine inarudi ilikotoka na wao wanafunga chumba. Aliniuliza, "Mwalimu, una hakika hakuna kilichobaki? Hata karatasi?"

Nilisema mchwa wa Nachingwea hawachagui karatasi.

Alicheka kwa heshima. Nilichukia kicheko hicho. Nilichukia zaidi ile "Mwalimu".

Jumatano, 6 Agosti

Majirani wanapuliza salfa, dawa ya ukungu, kwenye mikorosho. Moshi wa njano unaingia dirishani. Mapafu yamebaki nusu, na nusu hiyo wanaipulizia salfa. Nimemwambia Agnes afunge dirisha. Agnes ni binti yangu, aliacha shamba lake Marambo kuja kunihudumia. Alifunga. Joto. Nikamwambia afungue. Akafungua. Hilo nalo liliniudhi.

Nina hasira na hawa watu wa mashine. Kila baada ya miaka michache wanatoa mpya, na ile ya jana inakuwa takataka. Diski za jana haziingii kwenye ya leo. Watengenezaji wa michezo wanahama wote kwa pamoja kama kunguru, hakuna anayegeuka kutazama nyuma. Na watoto wa kijijini Kiegei? Wao bado wana mashine za zamani, jicho la kusomea diski limechoka, kifuniko kimefungwa kwa mpira wa baiskeli. Wanaipindua juu chini ndipo ikubali kusoma. Wamekulia kwenye Dungu. Unakaa juu ya kichanja cha kulindia mahindi, una debe na fimbo, nguruwe wanakuja. Basi. Hakuna bunduki, hakuna magari.

Nimeandika haya kwa ghadhabu ya haki. Nimeyasoma tena. Si ya haki. Kama ningewajali watoto wa Kiegei, sanduku lingekuwa Ruangwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Ngonyani alikuja. Fundi mwashi mstaafu, Mngoni, mtani wangu kwa zaidi ya miaka arobaini. Hakubisha hodi.

"Bado tu, Mmwera? Kaburi limesubiri mpaka wachimbaji wamezeeka."

Agnes alicheka jikoni. Ngonyani akainama, akachungulia chini ya kitanda, akaligonga sanduku kwa kiatu. "Hili ndilo langu. Siku ya msiba nitavaa koti lako, nitakohoa kama wewe, na hili nitalifungua uwanjani. Niwasomee watu barua zako za mapenzi."

"Hazimo," nikasema.

"Basi nitazitunga."

Ndiyo haki yake. Mtani huvaa nguo za marehemu, humwigiza mbele ya waombolezaji, hushika kitu cha nyumba na hakitoi mpaka akombolewe. Atasema aibu yoyote, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Nimemwona akifanya hivyo kwenye misiba ya wengine. Nilicheka mpaka machozi.

Leo sikucheka. Sikuwahi kufikiri kwamba litafunguliwa na yeye. Nilidhani nitakufa, Agnes atafagia chumba, sanduku litaozea stoo. Sasa naliona uwanjani, Ngonyani ameshika daftari, anaukunja uso kusoma mwandiko, anasoma kwa sauti.

Jumapili, 10 Agosti

Somoe amekuja. Basi la asubuhi, mashine mpya mapajani imefungwa kwa kanga. Amekuja na mwenzake wa Dar, Baraka. Waliiunganisha kwenye televisheni ya sebuleni, Agnes akaniegemeza kwa mito.

Lazima niandike ukweli: ni nzuri. Mahindi yanacheza kwa upepo. Nguruwe wana nywele. Walilitengeneza upya kwa kutazama tu lile la zamani likichezwa, wakakisia yaliyomo ndani. Kazi ya miezi.

Lakini si lenyewe. Baraka alinieleza kwa furaha. "Mzee, lile kosa tumelirekebisha. Zamani ukipiga debe sana, nguruwe walikuwa wanaingia tu shambani. Ilikuwa inazingua. Sasa ukipiga, wanakimbia kila mara."

Somoe alikuwa anatazama sakafu. "Tuliwapa watoto wa Ruangwa wajaribu. Dakika kumi wakaacha pedi za kuchezea. Mmoja akasema hawa ni nguruwe wa Dar."

Baraka akasema hata Dar kuna nguruwe, wana nidhamu tu. Agnes alicheka. Mimi sikuweza.

Kisha swali. Somoe alikaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini, kama alivyokuwa akikaa darasani kwangu. "Mwalimu, kwa nini uliwafanya nguruwe wawe hivyo? Nikijua sababu, naweza kuiandika upya. Tumebakiwa na wiki tatu tu."

Sikujua. Sijawahi kujua. Nilijibu kwamba kumbukumbu ya mashine ya zamani ilikuwa ndogo, ikijaa inasahau sauti ya debe. Uongo huo niliutunga pale pale. Baraka akauandika kwenye simu yake. Somoe hakuandika. Alinitazama kidogo tu, akashukuru.

Wameondoka. Nimemfokea Agnes kwa sababu ya chai. Chai haikuwa na kosa.

Jumanne, 12 Agosti

Agnes alikuwa ananikanda miguu. Akasema, bila hata kunitazama, "Baba, juzi mlikuwa mnahangaika bure. Nguruwe akizoea debe, debe linakuwa ngoma yake. Anaingia anakula huku unampigia. Kule Marambo tulikuwa tunapiga, tunanyamaza. Kimya ndicho kinamtia hofu. Hajui umekaa wapi."

Kisha akauliza, "Si wewe uliyeutengeneza mchezo? Hukujua?"

Nilimwambia mguu unauma, aache.

Nimekasirika mpaka herufi zinatoka nje ya mstari. Mtu aliyeishia darasa la saba kajibu kwa sentensi chache. Mimi, mwenye shahada ya hesabu ya ng'ambo, sikuwahi kulala kwenye dungu hata siku moja. Baba alikuwa katekista, tuliishi misheni, chakula kilitoka ghala la misheni. Nguruwe nilimwona amekufa tu.

Basi niandike.

Dungu alilitengeneza Salima, mama yake Somoe. Alikuwa mpiga chapa wa ofisi yangu pale sekondari nilikofundisha. Msichana wa Chinongwe, alilinda mashamba ya wajomba zake toka utoto. Nilirudi kutoka masomoni ng'ambo na mashine ya michezo, ile ya zamani, na diski ya kuandikia michezo. Nilijaribu mwaka mzima, nikashindwa, nikaifunika kitambaa. Salima akaomba aitumie mchana watu wakienda kula. Nilimpa vitabu kwa kumdhihaki. Alivisoma vyote. Siku moja aliniita nikatazame. Nguruwe watatu walikuwa wanatembea kwenye kioo. Sijawahi kuwa na wivu kama ule. Nilimpongeza.

Alipofariki, Somoe akiwa kidato cha pili, niliweka jina langu ili kazi yake isipotee. Wakaniita kwenye redio. Wakanipa cheti. Nikazoea.

Alhamisi, 14 Agosti

Padri alileta Komunyo. Niliungama hasira, ulimi mkali, uvivu wa kusali. Akaniondolea. Nilimeza mwili wa Bwana na uongo kwa pamoja.

Alipotoka nikamwambia Agnes awashe jiko la mkaa alilete chumbani, nasikia baridi. Saa nane mchana, mwezi wa nane, nyuzi nafikiri thelathini. Alilileta. Nilimtuma sokoni.

Nilishuka kitandani. Dakika ishirini kulivuta sanduku. Nilitoa daftari la kwanza, nikalifungua ili lishike moto upesi. Kosa hilo. Sikuwa nimelifungua toka nilipolificha. Pembeni ya kila kifungu cha msimbo Salima ameandika maelezo, mwandiko wake wa kulala kushoto. "Hapa nguruwe amenizoea. Ninyamaze." Chini yake: "Jirani akivuna, wanahamia kwangu. Waongeze." Ukurasa mwingine: "Huyu jike ana watoto, asikimbie haraka."

Kila jibu ambalo Somoe anatafuta. Limeandikwa kwa kalamu ya bluu, Kiswahili chepesi, mtoto anaelewa.

Nilikaa sakafuni nimelishika juu ya mkaa. Pembe moja ikawa ya kahawia. Sikuweza. Si kwa wema. Nilikuwa nasoma, nikataka kujua ukurasa unaofuata.

Agnes alinikuta hapo. Hakuweza kuninyanyua peke yake, akamwita Ngonyani. Mzee yule alinibeba mgongoni kama gunia la ufuta. "Umepungua," akasema. "Jeneza lako fundi atalipima kwa rula ya shule." Kisha akaliona sanduku wazi, daftari limeungua pembe. Akalifunga. Akalisukuma mahali pake kwa mguu. Hakutania tena mpaka alipoondoka.

Jumamosi, 16 Agosti

Nilimpigia Somoe. Nikamwambia mchwa hawakula. Aje.

Akasema, "Sawa, Mwalimu." Hakuuliza. Nilijiandaa kwa swali, likakosekana, nikakasirika. Nimekuwa mzee wa kukasirikia hata rehema.

Jumapili, 17 Agosti

Alikuja peke yake. Nilimwelekeza chini ya kitanda. Alikaa sakafuni, akafungua. Diski aliziweka pembeni. Alichukua daftari.

Hakufika ukurasa wa pili. "Huu ni mwandiko wa mama."

Nikasema ndiyo. Nikasema yote kama nilivyoandika hapa Jumanne. Kwamba kazi yote ni yake. Kwamba aliugua, akafariki, nikaweka jina langu isipotee. Sauti yangu ilikuwa imara, nilishangaa. Nilisubiri apige kelele. Nilitaka apige kelele.

Somoe aliendelea kufunua karatasi taratibu. Akapitisha kidole kwenye pembe iliyoungua.

"Mimi nilisoma hesabu kwa ajili yako," akasema. "Kila siku mama alikuwa ananiambia, msikilize Mwalimu, ana akili. Alikuwa anarudi nyumbani macho mekundu, ananiambia Mwalimu ana kazi nyingi."



Alipanga vitu ndani ya sanduku, akalifunga kwa kanga. Mlangoni akasimama. "Mama alijua? Kwamba utaweka jina lako?"

Nikasema hapana. Nikasema alikuwa ameshafariki.

Aliitikia kwa kichwa. Hakuniamkia wala kuniaga. Agnes alimsindikiza hadi stendi, aliporudi aliweka maji ya kunywa karibu nami akatoka. Sasa wote wawili wananijua.

Ngonyani alipita jioni. Akatazama chini ya kitanda, patupu. "Umenidhulumu, Mmwera. Sasa msibani nitashika nini?" Nikamwambia ashike daftari hili. Akasema ameshachoka kusoma, atashika kuku.

Ijumaa, 29 Agosti

Siku kumi na mbili bila kuandika. Pumzi. Leo nafuu kidogo.

Agnes amepigiwa simu na Somoe. Mimi hakunipigia. Walipata nguruwe wote kutoka kwenye daftari na kuwahamishia kwenye mashine mpya, wanachelewa kukimbia, wanazoea, wanarudi. Watoto walikataa kutoka chumbani mpaka wakakatiwa umeme. Mashine inabaki Ruangwa. Mwanzo wa mchezo linatokea jina la Salima, peke yake. Inavyotakiwa.

Salfa imekwisha. Mikorosho imetoa maua, Agnes amefungua dirisha. Anasikika uani anatwanga.

Hasira imeondoka. Sikuifukuza. Imebaki nafasi yake, na ndani ya nafasi hiyo kuna kitu kimoja nilichokuwa nimekifunika nayo. Agnes ataupeleka ukurasa huu Ruangwa. Nimemwambia ausome kwanza.

Somoe, uliuliza kama mama yako alijua.

Alijua. Jina langu niliweka miaka mitatu kabla hajafa, akiwa mzima, akiwa chumba cha pili. Barua ya kusema kwamba Dungu nimelitengeneza mimi aliichapa yeye. Nilisimama nyuma ya kiti chake, nikamsomea neno kwa neno, na alipomaliza akaniuliza nataka nakala ngapi.