Sifa Anasikia Wimbo Mbele Upigwe

Siku ya posho, tarehe 7, mwezi wa sita
Maziwa nimeuza yote. Kisha dukani kwa Papa Kambale, kama kila posho, mbele ya siku ya Mungu, kuangalia ule muchezo wa televizyo. Wanapiga wimbo kidogo tu, muntu anataja jina, anapata gari. Karuba, kijiji chetu nzima, iko pale, inapiga kelele kuliko watu wa Kinshasa ndani ya televizyo. Mujukuu wangu Sifa alitaja nyimbo zote, kweli tupu. Lakini alizitaja mbele zipigwe. Sikupenda.

Siku ya Mungu, tarehe 8
Nimemuuliza. Anasema wimbo unamuingia masikioni kama maji ya baridi, televizyo inafuata nyuma. Tangu mama yake, binti yangu, auawe kwenye njia ya Walikale, huyu mutoto halii. Nilimupikia sombe, majani ya muhogo, mafuta mengi. Alikula. Miye nilishindwa.

Siku ya pili, tarehe 10
Habari imepanda mulima. Watu wa pori wanatafuta mutoto wa kike wa kulinda dawa yao, yale maji wanajimwagia ili risasi isiwaingie. Lazima awe hajaanza kuona mwezi. Sifa iko na miaka kumi na moja. Wanaochukuliwa hawarudi. Hata hizi herufi nilizofundishwa kanisani zinapinda.

Siku ya posho, tarehe 14
Mukubwa wa watu wa pori alikuja dukani mwenyewe na vijana wake, bunduki magotini. Nilikuwa nimemwambia Sifa: funga kinywa. Hakuweza. Wimbo wa kwanza, akataja mbele. Wa pili, vilevile. Papa Kambale akaua sauti kabisa. Sifa akataja tena, kisha jina lilelile likaandikwa kwenye kioo. Hakuna aliyecheka.

“Mama, huyu njo tunabeba,” mukubwa akaniambia, mukono juu ya kiti cha Sifa.

Nikasimama. “Beba! Ameanza kuona mwezi wiki hii. Vitambaa nimefua miye leo asubui. Na hicho kiti umeshika, njo alikuwa anakalia. Nenda unawe!”

Aliruka kama ameshika moto. Damu hiyo inaua dawa yao. Wakatoka wote, bia wakaacha mezani. Nilikuwa nimesema uongo mutupu. Sifa alifunika uso.

“Koko, weye bibi muzee, haya huna!” Papa Kambale akasema.

Nikamujibu haya niliuza pamoja na maziwa.

Siku ya ine, tarehe 19
Hawajarudi. Duka limefungwa, esansi ya kuwasha jenereta hakuna. Mvua tu. Sifa alikuwa anamenya viazi, akaanza kuimba pole pole wimbo wa kuzika, ule wa kanisani. Hapa kwetu bado hakuna muntu amekufa. Sikumuuliza iko wa nani. Nilikaa karibu yake, nikashika kisu kingine, nikaimba naye mpaka viazi vikaisha.