Tulivyompigia Seneta Vigelegele

Toongabbie, Sydney
Septemba 2021

Kwa dada yangu mkubwa, Yaya Thacienne,

Nakusalimu kwa furaha nyingi, wewe, shemeji na mama yetu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba goti la mama halimsumbui sana sasa mvua zinaporudi. Sisi huku tu wazima. Korona imetufungia ndani tangu Juni, hatutoki ila kwenda kazini na dukani, na pua zetu zimechokonolewa vipimo mpaka zimezoea, lakini hakuna aliyeugua. Najua ungependa nipige simu. Ila habari hii ni ndefu, na mtandao wa Bukavu ungenikata pale pale penye utamu. Kaa chini, Yaya, uwaite na wengine.

Unamjua mume wangu Cirhuza alivyo: akipenda kitu, nyumba nzima itakipenda. Mwaka huu hakupenda mpira, amependa Bunge! Akirudi kutoka ghala la Lidcombe anakopanga maboksi, anaoga, kisha anafungua simu na kuwatazama maseneta wakijadiliana huko Canberra. Humo akamgundua mama mmoja, Seneta Hargreave, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza. Kila ukija mjadala wa maendeleo ya mikoa, mama huyo husimama. Anasema miji midogo ya bara inakufa huku Sydney ikifura. Anataja hospitali yenye vitanda bila wauguzi, treni inayopita bila kusimama, shule inayotaka kufungwa kwa kukosa watoto. Mara nyingi anautaja mji mmoja uitwao Marradale, mwendo wa siku nzima kwa gari kutoka hapa, mpaka Cirhuza akawa anautaja kana kwamba kitovu chake kilizikwa huko.

Nikaona anakoelekea. Alianza kusema polepole kwamba huko nyumba zina viwanja vikubwa, kwamba mtu anaweza kupanda maharage na kufuga mbuzi, kwamba kuna nyumba ya kutunzia wazee inayotafuta watu wa kazi kama yangu. Nikamkatalia kabisa. Wewe unajua, Yaya. Nilitoka Bukavu mbio na sufuria moja, tukaishi Bujumbura, tukaondolewa, tukaenda kambini Uganda, na humo kambini pia tukahamishwa. Siku nilipokabidhiwa ufunguo wa nyumba hii ya Toongabbie niliapa mbele ya watoto kwamba kuhama, mimi basi. Nikamwambia Cirhuza ampende seneta wake akiwa amekaa hapa hapa kwenye kochi langu. Tulinuniana wiki nzima.

Basi, kilichomuumiza Cirhuza zaidi ni viti. Seneta alikuwa akihutubia ukumbi karibu mtupu, watu watatu wanne, mmoja wao akichezea simu. Wenyeji wanasema ni kawaida, wengine wako ofisini mwao. Sisi hatukuelewa. Kwetu mkubwa akisimama kusema, watu wanajaa, wanawake wanapiga vigelegele, na baadaye anaendewa kushukuriwa. Kumwacha mama wa watu aseme na mbao ni aibu kwa wote wanaomsikia. Cirhuza akalipeleka jambo hilo kwa Mchungaji Anicet, ambaye siku hizi anatuhubiria kwa Zoom, na Mchungaji akakubali kwamba haiwezekani. Binti yetu Aline alicheka, akasema, "Dad, she doesn't even know you exist." Yaani seneta hajui hata kama baba yupo duniani. Baba yake akamjibu kwamba sasa atajua.

Siku ya mjadala uliofuata kanisa zima tukatazama, kila mtu kwake. Seneta alipomaliza na kukaa, wanawake tukaanza kupiga simu ofisini kwake, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akipokelewa anapiga vigelegele. Nami nilipiga, kwa sababu niliona kushangilia si kufunga mizigo. Aliyetangulia ni rafiki yangu Dévote wa Doonside, ambaye kifua chake kinaweza kuamsha mtaa. Karani aliyepokea alidhani ni king'ora cha moto! Alimwuliza kama yuko salama, kama amtumie gari la wagonjwa. Dévote akamwambia, "No ambulance, madame! Ni furaha! It is for Mama Senator!" kisha akaendelea pale alipoachia. Baada ya simu kadhaa karani akamwita seneta mwenyewe aje asikie. Yaya, nilicheka mpaka nikakaa sakafuni.

Mchungaji akamwalika, na Jumamosi seneta akaja kwenye Zoom yetu! Yeye mwenyewe, amevaa sweta la kawaida, mbwa wake akipita nyuma. Alituambia kwamba kwa muda wote aliosema bungeni juu ya mikoa, hakuna aliyewahi kumpigia simu ila kulalamika. Tukamwimbia, lakini kila mtu mtandao wake ulichelewa kivyake, wimbo ukawa vurugu tupu, naye akafuta macho. Halafu akatuuliza. Alisema kila siku anaeleza bungeni kwamba miji hii inahitaji watu. Je, sisi tungependa kwenda kuishi huko?

Ungeona, Yaya! Wale wote waliokuwa wakipiga kelele wakafunga vipaza sauti. Mchungaji akaanza kupangua karatasi zake. Picha ya Dévote ikapotea, eti betri imekwisha. Hata Cirhuza wangu, mwenye Marradale yake, aliinamisha kichwa, akanitazama kwa pembeni. Aliheshimu kiapo changu, na hilo lilinigusa sana. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake nikichambua maharage.

Sasa ndilo hili lililonifanya nikuandikie. Nilipitisha mkono juu ya bega la mume wangu, nikafungua kipaza sauti, nikasema, "We will come. Famille ya Cirhuza. Tutakuja." Mimi, Yaya! Mbele ya Mchungaji, bila kumwuliza mwenye nyumba! Cirhuza alinigeukia mdomo wazi, kisha akapiga kigelegele, mwanaume mzima, cha ovyo kabisa. Wiki hii seneta amesimama tena, akasema kwamba familia moja ya magharibi mwa Sydney imemwambia iko tayari kwenda, na kwamba serikali isithubutu kuifunga shule ile. Safari hii maseneta kadhaa walikuwa wamekaa wakamsikiliza. Ile nyumba ya wazee imeshazungumza nami na kunikubali, na tutaondoka mara tu karantini ikiisha.

Utaniuliza nimepatwa na nini. Hata mimi nimejiuliza. Bukavu nilitolewa na risasi. Bujumbura nilitolewa na amri. Kambini walisoma jina langu, nikapanda lori. Hata kuja Australia, ambako namshukuru Mungu kila asubuhi, ndege ilipangwa na watu nisiowajua. Seneta alipouliza swali lake nilidhani atajijibu mwenyewe, kama wakubwa wanavyofanya. Hakujijibu. Alinyamaza akitungoja, na muda ukapita, na bado akangoja. Nina miaka arobaini na miwili, Yaya, na hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kuniuliza kama nataka kwenda. Nikajitazama moyoni, nikaona kwamba nataka.

Cirhuza anakusalimu sana, na Aline pia, ingawa amenuna kwa ajili ya rafiki zake. Nisalimie shemeji na watoto wote, na majirani wanaoniulizia. Mama umwambie polepole, maana akisikia neno kuhama atashika kichwa na kuanza kulia. Mwambie hakuna anayetufukuza. Mwambie Verdiane aliulizwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Verdiane