Bwana Kesho na Bibi Baadaye

Jumatatu, 3 Juni
Harusi Jumamosi. Harusi YANGU! Nimeandika hivyo ili niamini. Na keki naoka mwenyewe – nani mwingine? Mabibi harusi wote wa mtaa huu wamekata keki zangu. Leo basi nilikuwa nianze. Kwanza nikasugua oveni kwa mswaki. Nikachora keki ya ghorofa tatu, nikafuta, nikachora ya ghorofa nne. Shangazi kapita, kaona meza haina hata chembe ya unga. Kasema mganga hajigangi. Nikamjibu: kesho.

Jumanne, 4 Juni
Mteja kaja mbio, anataka keki ya kuzaliwa ya mwanawe. Nimeioka huku naimba! Yangu? Bado naiwaza.

Jioni nikaenda kuchungulia nyumba tutakayohamia. Mchumba wangu ni fundi rangi, tena anayegombewa. Chumba chetu – plasta tupu! Ukutani kapaka viraka vyeupe. Hiki maziwa, hiki ganda la yai, hiki jasmini. Mimi naona vyeupe tu. Anasema ukuta lazima ukauke kwanza. Plasta ya mwaka juzi! Tulicheka mpaka akakaa chini kwenye ndoo.

Halafu akasema polepole kwamba watu wakiingia chumba cha fundi rangi hawaangalii kitanda, wanaangalia kuta. Kwani keki ya mpishi wa keki wataiangaliaje? Sio uvivu huu. Mvivu hasugui oveni kwa mswaki! Ni woga. Keki ambayo haijaokwa haijaharibika.

Jumatano, 5 Juni
Shangazi amechoka na sisi. Sasa anatuita Bwana Kesho na Bibi Baadaye, tena mbele za watu. Katoa amri: kesho mchana kama hakuna keki, anaagiza kwa Mama Krimu. Mama Krimu! Yule anayepamba kwa vidonge vya rangi kama duka la dawa! Na chumba kisipopakwa, maharusi tutalala sebuleni kwake. Shangazi anakoroma.

Nikakimbilia kwa Bwana Kesho. Alikuwa juu ya ngazi, brashi kavu mkononi. Nikamnyang'anya brashi kwa utani tu, nikachora sharubu ukutani. Ikabidi nizifute. Kuzifuta ikabidi nipake. Kupaka... jamani, nilipogeuka ukuta mzima umekwisha! Sikuogopa hata kidogo. Nani atanilaumu kwa ukuta? Mimi si fundi.

Akaniangalia mimi, akaangalia ukuta. Akanyoosha mkono, akasema nimpe ufunguo wa jiko langu.

Alhamisi, 6 Juni
Bwana Kesho ananipigia simu kutoka jikoni kwangu tangu asubuhi. Yai linavunjwa upande gani? Ganda likiingia ndani linaiva? Mimi niko juu ya ngazi, machozi ya kucheka yananitoka, rola inanidondokea puani.

Mchana Shangazi kaenda kukagua. Kamkuta kavaa aproni yangu, unga hadi kwenye nyusi. Akampigia Mama Krimu kufuta oda aliyokuwa ameshaiweka. Keki ikatoka kwenye oveni imepinda – akapiga tena kuirudisha. Kisha akamega kipande cha pembeni kilichovunjika. Akatafuna. Akamega kingine. Akapiga mara ya tatu, oda ikafutwa kabisa. Mama Krimu kasema wana wazimu ukoo mzima.

Nimemuuliza Bwana Kesho siri ni nini. Anasema alijiambia avunje yai moja tu, halafu aende zake. Lakini yai likishavunjwa halirudi kwenye ganda, basi unawaonea haya wenzake waliobaki. Nampenda huyu mtu!

Ijumaa, 7 Juni
Nimeiona keki. Imeinama upande mmoja, inasikiliza umbea. Mkono uliniwasha niinyooshe. Bwana Kesho akanipiga kofi mkononi: "Usiguse! Mimi nimegusa ukuta wako?" Kumbe michirizi yangu karibu na swichi aliiona tangu juzi. Kaificha moyoni. Sikugusa.

Jumamosi, 8 Juni
Asubuhi. Msusi kamaliza kichwa changu, nami nikatoroka na kitambaa juu ya nywele kuja huku kwenye nyumba mpya. Mlango wa kabati ulikuwa umebaki! Naandika huku mkono wa pili wa rangi unakauka. Kucha alizipaka nyekundu, sasa nyeupe.

Shangazi kapiga, anafoka: gari liko mlangoni, bibi harusi yuko wapi? Nikamwambia aanze na bwana harusi. Akashusha pumzi. Bwana harusi kajifungia jikoni kwangu, aproni juu ya suti, anasema bado waridi moja tu la krimu. Anasema hivyo tangu alfajiri!

Yaani sisi. Jumatatu tulishindwa kuanza, leo tunashindwa kuacha.

Nikampigia mwenyewe. Nikamwambia mume wangu, toka, watu wanatungoja. Akasema anatoka sasa hivi, na mimi niko wapi?

"Njiani," nikasema.

Honi inalia nje. Wamenifuata mpaka huku, namsikia Shangazi akishuka garini. Nimeshafunga kopo, kweli kabisa. Nimelifungua tena. Fremu ya dirisha, upande wa kushoto. Huo tu! Mlango unagongwa na brashi imeshalowa