Mkeka Uliobaki New York

Barabara ya Massey,
Māngere, Auckland.
27 Juni 2024

Mpendwa Dada Seini,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na shemeji Maikolo na watoto. Goti linaendeleaje? Nilipoondoka kwako ulikuwa unashuka ngazi kwa kushika ukuta, na wifi yako Fusi kila siku ananiuliza kama umeshamwona daktari. Sisi huku ni wazima. Baridi imetushika na mgongo wangu unanung'unika kama kawaida yake, lakini nakula na kulala vizuri.

Harusi ya mwanetu Sitiveni ilipita salama. Nguruwe walikuwa kumi na mmoja, viazi vikuu sikuvihesabu, na mchungaji alihubiri mpaka chakula kikapoa. Mkwe wetu 'Elenoa ana adabu, na anacheka kwa sauti, jambo ambalo nyumba hii ilikuwa inalihitaji.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliziona picha, ukapiga simu kuuliza mkeka wako uko wapi. Nikababaika, nikampa Fusi simu. Nisamehe, dada. Mkeka alioufuma mama yetu, ukautunza miaka yote hiyo huko ugenini, ukanikabidhi kwa mikono miwili ili maharusi waukalie, halafu picha zinaonyesha wamekalia wa jirani. Yeyote angedhani nimekudharau. Hayo si ya kuelezana kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Jumanne ile uliponisindikiza uwanja wa ndege huko New York, tulikaa ndani ya ndege karibu saa nzima bila kuondoka. Nikachungulia dirishani, nikaona makasha ya mizigo yanateremshwa. Mimi niliyepakia mizigo uwanja wa Auckland miaka ishirini na sita nilielewa mara moja. Kurudi huku ndege inapigana na upepo, zaidi ya saa kumi na saba bila kutua. Upepo ukizidi, mafuta yanaongezwa, na kitu kingine lazima kishuke. Nikamwombea kimoyomoyo yule aliyeshushiwa mzigo wake. Kumbe najiombea mwenyewe.

Alhamisi asubuhi, maana Jumatano humezwa na mstari wa tarehe baharini, tulifika juu ya Auckland tukakuta ukungu umefunika kila kitu. Rubani akatutangazia kwamba ndege mbili zilizotutangulia zimepelekwa Christchurch kwa sababu mafuta yao hayakutosha kusubiri, lakini sisi tunayo. Tukazunguka dakika hamsini. Mama mmoja nyuma yangu alisali kwa sauti muda wote huo. Kisha ukungu ukaachia, tukatua, watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nawaza harusi tu.

Mkeka haukutokea. Kwenye kaunta ya mizigo nilimkuta Viliami, yule tuliyekuwa tunapakia naye zamani.

"Mzee Peni, wako umebaki New York. Utafika Jumamosi."

"Jumamosi ndiyo harusi."

"Najua, na mimi nimealikwa. Ila usinitolee macho mimi. Kamuulize Telesia, ndiye aliyekuwa zamu."

Unajua binti yangu Telesia anafanya kazi shirika hilo hilo la ndege. Watu wakiniuliza anafanya nini, nilikuwa najibu tu, "Yuko ofisini." Kumbe ofisini huko ndiko anakopanga kila safari: ndege ipite wapi, ibebe mafuta kiasi gani, iache nini. Bila sahihi yake na ya rubani, haiondoki.

Nilimkuta nyumbani anakunywa chai. Sikumsalimia.

"Ulijua mkeka wa shangazi yako umo mle?"

"Nilijua, Baba."

"Simu moja tu ungepiga."

"Ningepiga. Wangeuacha wako ndani, halafu wamshushie nani?"

"Mimi ni baba yako."

"Mle ndani walikuwamo baba za watu wengi," akasema, wala hakupandisha sauti.

Nilisema maneno ambayo sitayaandika hapa. Alivaa koti lake akaenda kazini bila kula, na usiku ule hakurudi, alilala kwa rafiki yake.

Ijumaa Fusi alifunga chakula, majani ya magimbi na nyama katika tui la nazi, akanisukumia mikononi. "Mpelekee mwanao. Na ukirudi nacho, utalala na hao nguruwe wa harusi."

Mlinzi wa ofisi yao alimwita mkubwa wao, mama mmoja mwenye miwani, naye akaniambia nisimame nyuma ya kioo mpaka Telesia amalize. Nikamwona. Mbele yake kulikuwa na ramani ya bahari yetu yote kwenye skrini kubwa, na mstari mmoja unatoka hapa mpaka kwako. Alikuwa anaongea na rubani kwa simu ya spika, mlango ukiwa wazi, na sauti ya rubani ilikuwa ya mtu mzima kunizidi.

"Kapteni, njia fupi leo ina dhoruba katikati. Nimekupitisha kusini kidogo. Utachelewa dakika ishirini na mbili, lakini utafika na akiba ya mafuta."

"Dakika ishirini na mbili nyingi, binti."

"Ni nyingi. Ukitaka tuipitie tena, nipo."

"Nimesikia habari za jana za ukungu," akasema rubani. "Mwenzangu alibishana nawe kuhusu mizigo, leo anakushukuru. Nitumie huo mpango nitie sahihi."

Dada, miaka ishirini na sita nilibeba mizigo ya watu bila kujua inapita wapi. Yule aliyekuwa ananyoosha njia ni mtoto niliyembeba mgongoni. Nikasogea karibu na kioo.

Aligeuka akaniona na kifurushi changu. "Baba, umeegesha wapi? Hapo mbele wanayafunga magari magurudumu kwa chuma."

"Nimekuletea chakula," nikasema.

Alikula chote. Hapo ndipo tulipopatana.

Mkeka ulifika Jumamosi saa kumi jioni, Viliami ameubeba mwenyewe begani, akiwa amevaa suti yake. Kanisa lilikuwa limekwisha. Lakini Jumapili, maharusi walipokwenda ibada yao ya kwanza, 'Elenoa alijifunga mkeka huo kiunoni, kama desturi yetu inavyotaka. Picha nimeiweka humu.

Sasa nina ombi. Neno la kumsifu Telesia limenikaa kooni wiki nzima. Kwetu baba akimsifu mwanawe, anajisifu mwenyewe, na watu watacheka. Wewe ni shangazi yake, ndiwe mkubwa wa nyumba hii, na neno lako linalipita langu. Mpigie simu Jumapili baada ya ibada. Mwambie alifanya sawa kuuacha mkeka wako. Akilisikia kutoka kwako, ataamini.

Nisalimie shemeji Maikolo, na Kaloline, na yule mdogo anayelala na mpira. Fusi anakusalimu sana. Mungu akutie nguvu miguuni na akuweke mpaka tuonane tena.

Mdogo wako akupendaye,
Penisimani,
Baba Telesia.