Pipa la Mama Fusae

Mpendwa mshauri Mama Shizue,

Naomba msaada, na ukinitukana nitapokea, maana mwenyewe nimejitukana hadi nimechoka.

Mimi ni fundi mapipa wa kiwanda kimoja cha wiski huku Hokkaido, nina miaka arobaini na mbili, na aliyenifunza kazi ni Mzee Kuramochi, ambaye miaka minne ya kwanza hakuniruhusu hata kushika randa, nilifagia tu, na kila nikifungua mdomo aliniambia, "Kijana, macho unayo mawili, mdomo mmoja, hesabu mwenyewe." Kimbunga kiliangusha mwaloni wa nyumbani kwao mkewe, Mama Fusae, mzee akazikausha mbao zake miaka mitatu, na pipa likakamilika mwezi uleule mama alipoaga dunia, akalijaza wiski, akaapa halitafunguliwa mpaka kumbukumbu yake ya mwaka wa kumi na saba, kikombe cha kwanza kiwekwe mbele ya picha yake.

Sasa, Mama, mwaloni wetu huu wiski yake hunukia udi, lakini huvuja kuliko mti wowote, na siku ile nikimkabidhi mzee mbao niliona kwenye ubao mmoja kifundo kidogo kama punje ya mchele, yeye hakukiona kwa kuwa macho yalikuwa yamevimba kwa kulia, nami nikajua patavuja, nikanyamaza, kwa sababu mwanafunzi hamkosoi mwalimu wake, tena aliyefiwa, na tangu magoti yake yakatae ngazi za ghala hunituma mimi kila mwaka nikaligonge nisikie kama limejaa, na kila mwaka pipa hulia tupu zaidi, nami nikirudi huniuliza, "Anaendeleaje?" kana kwamba natoka kumwona mkewe hospitali, nikajibu, "Amejaa tele, Mwalimu."

Wiki iliyopita nilichungulia ndani. Wiski imebaki labda vikombe viwili. Kumbukumbu ni tarehe kumi na nne, na daktari amesema mzee hataiona theluji ikiyeyuka. Mwenzangu Hamasaki ananiambia, "Acha ushamba, bwana, jaza ya pipa lingine, marehemu hatarudi kulalamika!" Mpira wa kujazia nimeshauandaa. Silali, sili, mke wangu anadhani nina hawara. Nifanye nini?

Aliyenyamaza, Hokkaido

Aliyenyamaza,

Pole. Haya, pole imeisha, sasa nisikilize.

Ulivyonyamaza siku ile nakusamehe, ulikuwa mwanafunzi na mwalimu wako alikuwa na msiba. Lakini mwaka uliofuata ungesema, ubao mmoja ungebadilishwa na wiski ingepona. Badala yake umemdanganya mzee miaka nenda rudi, tena akikuulizia mkewe! Hiyo usiiite heshima, ni woga. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimekaribia kweli.

Huyo Hamasaki mwambie akae na ushauri wake. Unataka mzee aweke mbele ya picha ya mkewe kikombe cha mti usio wa kwao? Mtu aliyeishi na mapipa maisha yake yote, akinusa tu atajua, na atakuwa hana tena muda wa kukuuliza kwa nini.

Sitakudanganya kwamba atakukumbatia. Huenda akakufukuza. Huenda akafa hajakusemesha tena, na hilo utalibeba mwenyewe, mimi sina dawa yake.

Nenda kesho, usingoje tarehe kumi na nne. Usibebe zawadi. Lipakie pipa garini, liingize mpaka chumbani alipolala, mpe nyundo mkononi, aligonge mwenyewe. Kisha piga magoti, paji la uso liguse sakafu, useme ulichopaswa kusema siku ile: "Mwalimu, ubao huu una kifundo."

Vikombe viwili vinatosha. Kimoja cha mama, kimoja cha mzee. Chako hakimo.